Mali ikishauzwa hairudishwi? Kwa sheria ya nani?

Najua nimekuwa kimya kwa wiki tatu, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa na kesi. Si kesi ya mahakamani, ingawa ningependa ifike huko. Ni kesi ya laptopu moja, ya laki sita na nusu, na ya sentensi moja ambayo kila Mtanzania aliyewahi kuingia dukani ameisoma ukutani au chini ya risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi."

Leo nataka kugombana na sentensi hiyo.

Nianze na kisa chenyewe, maana bila kisa mtasema naongea tu. Mdogo wangu wa kike yuko mwaka wa pili UDOM. Mwaka mzima wa kwanza alikuwa akichapa kazi zake steshenari, kwa zamu, huku anayefuata kwenye foleni akimpumulia shingoni. Mwaka huu mama akasema basi, inatosha. Akatoa laki mbili za mchezo wake, nami nikaongeza laki nne na nusu. Mshahara wa mwandishi wa gazeti mnaujua, kwa hiyo sitaeleza hizo laki nne na nusu zilichukua miezi mingapi.

Nikaipata Instagram. Ukurasa una wafuasi zaidi ya elfu themanini, picha safi, na ushuhuda wa wateja kila siku: "Asante bosi, mzigo nimepokea." Laptopu iliyotumika Ulaya, memori gigabaiti 8, betri saa nne, haina hata mkwaruzo isipokuwa mmoja mdogo karibu na kitufe cha kuwashia. Bei? "Njoo inboksi." Nikaenda inboksi. Anwani? Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, jengo fulani, fremu namba fulani. Nilikuwa na habari ya kuwahisha kwa mhariri siku hiyo, sikwenda kuiona. Nikatuma hela kwenye namba ya simu niliyopewa. Jina lililotokea halikufanana na jina la duka. Nikajiambia labda ni mhasibu wao. Kijana mzima, nina digrii, na kila siku kazi yangu ni kuwauliza watu maswali, lakini nikajiambia labda ni mhasibu.

Jumamosi mzigo ukafika stendi ya Nanenane, Dodoma. Mdogo wangu akaufuata, akaufungua chumbani. Jumatatu akanipigia, sauti ya mtu anayeogopa kukuudhi: "Kaka, hivi gigabaiti 8 zinaonekanaje? Maana hapa pameandikwa 4." Na betri? Dakika ishirini. Ukichomoa chaja, ni kama umewasha kiberiti, unasubiri tu kizime.

Sasa sikilizeni majibu ya muuzaji kwa mpangilio wake, kwa sababu nimekuja kugundua kwamba ni yale yale kwa kila mtu. Kwanza: "Pole sana kaka, tunalifanyia kazi." Siku mbili. Kisha: "Hapa ilitoka nzima." Kisha: "Huenda imegongwa kwenye basi." Jamani, memori haipungui kwa mashimo ya barabara! Kisha: "Ongeza laki na nusu nikubadilishie." Nilipokataa, ndipo ikaja sentensi yetu, kwa herufi kubwa: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Baada ya hapo picha yake ikapotea kwenye simu yangu. Nimefungiwa.

Nikaenda Aggrey. Fremu ipo kweli, lakini inauza makava ya simu. Kijana aliyekuwemo wala hakushangaa kuniona. "Wewe ni wa nne mwezi huu, kaka," akaniambia, akaendelea kupanga makava yake. Nikaenda kituo kimoja cha polisi. Afande akanisikiliza vizuri tu, kisha akaniambia kwamba kwa kuwa mzigo niliupokea, hayo ni madai, si jinai. Yaani angenitumia jiwe ndani ya boksi ningekuwa na kesi. Ametuma kitu kinachofanana na laptopu, basi tumegombana kibiashara.

Nilipolisimulia jambo hili chumba cha habari, mshkaji mmoja akacheka. "Si wewe uliyeandika ile habari?" Habari ipi? "Wananchi watakiwa kuwa makini na ununuzi wa mtandaoni." Ni kweli. Niliiandika mimi. Na kwa aibu niseme kwamba niliiandika mara mbili, mwaka mmoja baada ya mwingine, nikibadilisha jina la semina tu.

Hapo ndipo hasira yangu ilipohamia mahali pake. Hivi ni kwa nini kila mwizi anapoiba, anayetakiwa kuwa makini ni aliyeibiwa? Wananchi watakiwa kuwa makini. Wateja waaswa. Walaji watahadharishwa. Miaka yote hii sikumbuki kuandika, wala kusoma, kichwa cha habari kinachosema "Wauzaji watakiwa kurudisha hela za watu." Sisi waandishi tumekuwa matarumbeta ya semina. Anayelizwa tunamwita mjinga, anayeliza tunamwita mjasiriamali.

Na watu wazima wenye elimu zao wanaiamini ile sentensi ya ukutani kana kwamba ilipitishwa na Bunge. Nimeulizia marafiki kama kumi, wote wa vyuo vikuu, wawili kati yao wamesoma sheria. Wanane wakaniambia "si waliandika hairudishwi?" Sasa nami nikiandika kwenye fulana yangu "Deni halilipwi," nimefutiwa madeni?

Sheria inasemaje? Tuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, tuliyoirithi kutoka kwa Waingereza na bado iko kwenye vitabu vyetu, Sura ya 214. Msingi wake ni rahisi hata kwa mtoto: ukiuza kitu kwa maelezo, kitu kilingane na maelezo. Umesema 8, iwe 8. Tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, ambayo inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora na sifa za bidhaa, na ina sehemu nzima kuhusu masharti yanayohesabika kuwemo katika mkataba wa mlaji hata kama hayakuandikwa. Tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ambayo nayo ina sehemu ya kumlinda mlaji anayenunua kwa njia ya kielektroniki, ikianzia na jambo la msingi kabisa: muuzaji ajitambulishe, yeye ni nani, yuko wapi, anauza nini, kwa bei gani. Soma tena hapo kwenye bei. "Bei njoo inboksi" ni uhuni tuliouzoea hadi tukauona utamaduni. Bei inafichwa ili kwanza muuzaji akupime: unaandikaje, uko mkoa gani, picha yako imepigwa wapi. Ukifanana na mtu wa hela, bei inapanda.

Nieleweke. Sisemi kwamba kila kitu kirudishwe. Ukinunua shati la bluu, ukafika nyumbani ukalichukia, hilo ni lako na bluu yako, labda muuzaji akuonee huruma. Sizungumzii kubadili mawazo. Nazungumzia mtu aliyeuziwa ng'ombe akaletewa mbuzi, kisha akaambiwa mbuzi harudishwi.

Jirani zetu wa Kenya wameiweka haki ya mlaji kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 46: bidhaa na huduma za ubora unaoridhisha, taarifa anazohitaji ili anufaike nazo, na fidia akipata hasara kutokana na ubovu. Wakaongeza Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012. Matapeli Nairobi wapo, tena wa kutosha, wala sijasema Katiba inakamata mwizi. Lakini mtu akiingia dukani akijua haki yake iko kwenye Katiba, haongei kwa sauti ya kuomba kama niliyoongea mimi na yule bwana. "Samahani bosi, naomba unisaidie." Nilisema hivyo! Hela yangu, halafu namwomba anisaidie.

Wapo watakaosema serikali haina uwezo wa kuwafuatilia vijana wa Instagram. Uwezo upo, msinichekeshe. Nchi hii ilitusimamisha wote kwenye foleni tukaweka vidole, na ilipofika Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zikaanza kufungwa. Kila namba ya simu ina kitambulisho cha NIDA nyuma yake. Namba niliyoitumia hela ina mtu, na mtu huyo ana vidole. Na bado ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" unatufikia hadi misibani. Nchi hii imemfundisha kila mfanyabiashara kaulimbiu ya ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, na duka lisilotoa risiti linafikiwa na faini. Ikitafutwa kodi, muuzaji anaonekana. Ikitafutwa hela yangu, muuzaji ni upepo.

Au tukumbuke Sheria ya Makosa ya Mtandao, nayo ya mwaka 2015. Ndani yake kuna makosa ya udanganyifu kwa kutumia kompyuta. Lakini ulipokuja mwaka 2016, tulichosoma magazetini ni kwamba mahakama Arusha imemtia hatiani mtu kwa maneno aliyoyaandika Facebook kuhusu Rais, kifungo cha miaka mitatu au faini ya milioni saba. Huyo alipatikana. Aliandika kwa simu kama hii yangu na akapatikana. Kwa hiyo kutafuta tunajua. Tunachagua tu nani atafutwe.

Sasa nigeukie upande wa pili, kwa sababu ningeficha ningekuwa mwongo. Nina rafiki niliyesoma naye Mlimani, anauza magauni mtandaoni tangu ajira zilipomkataa. Nilimsomea rasimu ya makala hii kwa simu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Umemaliza? Sasa nikuambie na mimi." Mteja alimrudishia gauni Jumatatu akidai halimtoshi. Gauni lina harufu ya marashi na pilau. Baadaye akaliona kwenye picha za sendofu, limecheza hadi asubuhi. Mwingine huagiza mizigo mitatu kwa maduka matatu, wa kwanza kufika analipwa, wengine simu imezimwa, na bodaboda anadai nauli yake ya kwenda na kurudi. "Ndiyo maana tunasema lipia kwanza," akasema. "Hatuwaamini. Na mna haki ya kutotuamini."

Sikuwa na jibu la haraka. Nilifikiria yale mauzo ya Jumia, tulivyozoea kulipa mzigo ukishafika mlangoni, hadi kampuni ilipofunga shughuli zake hapa Novemba 2019. Baada ya hapo tumerudi kwenye Instagram na WhatsApp, ambako hakuna wa katikati. Ni wewe, yeye, na namba ya simu. Nani atangulie kuachia? Mwenye hela anaogopa, mwenye mzigo anaogopa, na anayefaidi ni yule asiyeogopa kitu, yaani tapeli.

Tatizo hili hatukuligundua sisi. Wachina walikuwa nalo mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu hawakutaka kumtumia hela mtu wasiyemjua aliye mkoa mwingine. Taobao ilianza 2003, na Alipay ikajengwa juu ya wazo moja: hela ya mnunuzi inakaa katikati, muuzaji anajua ipo, anatuma mzigo, mnunuzi akithibitisha ndipo hela inaachiwa. Hakuna aliyehubiriwa kuwa makini. Walibadilisha njia ya hela. Na tangu Machi 2014 sheria yao inampa anayenunua mtandaoni siku 7 za kurudisha vitu vingi bila kueleza sababu. Umoja wa Ulaya ni siku 14. Ona ajabu yake: kule anayenunua mtandaoni ana haki kubwa kuliko aliyeingia dukani, kwa sababu hakuishika bidhaa kabla ya kulipa. Huku kwetu aliyeingia dukani angalau anaweza kumshika muuzaji shati.

Sisi tumetuma hela kwa simu tangu 2008, tukajisifu nayo dunia nzima, na kweli ni ya kujisifu. Lakini kati ya wauzaji wote wa Instagram niliowahi kununua kwao, hakuna hata mmoja aliyenipa njia ya hela kukaa katikati. Makampuni ya simu yana hela, yana mawakala kila kona, yana majina yetu na vidole vyetu. Yanachukua makato mara ya kutuma na mara ya kutoa. Yangetaka, yangelifanya. Naomba mtu wa huko anayesoma blogu hii aniambie kinachowazuia ni nini, na asiniambie elimu kwa umma.

Mpaka siku hiyo, hivi ndivyo ninavyonunua sasa, nami nimejifunza kwa laki sita na nusu, ninyi jifunzeni bure. Situmi hela kwenye namba ya mtu. Naomba Lipa Namba, na kabla sijabonyeza namba ya siri nasoma jina linalotokea. Kama si jina la biashara, nauliza, na jibu la "ni ya shemeji" ni jibu tosha, kwaheri. Naingia kwenye ukurasa wao, nabonyeza sehemu ya kuhusu akaunti hii, Instagram yenyewe inaonyesha ilifunguliwa lini na imebadilisha majina mara ngapi. Ukurasa wa viatu uliowahi kuitwa majina manne haukuanza na viatu. Picha yao naitafuta Google. Kama ni laptopu, nataka video, siyo picha, ikionyesha imewashwa, sehemu ya mipangilio inayotaja memori, na karatasi yenye jina langu na tarehe ya leo pembeni. Muuzaji wa kweli atanung'unika lakini atapiga. Kama ni simu, naomba namba ya IMEI, naituma kwenda 15090 nione kama jina linalorudi linafanana na simu ninayouziwa. Tangu TCRA ilipozima simu bandia Juni 2016 huduma hiyo ipo na watu wengi hawaikumbuki.

Naomba pia masharti ya kurudisha yaandikwe kwenye mazungumzo kabla ya kulipa, hata kwa sentensi mbili: isipolingana na maelezo narudisha ndani ya siku kadhaa, nauli ya kurudisha analipa nani. Hilo la nauli ndilo linalouma kuliko yote. Kumrudishia mtu mzigo kutoka Dodoma ni safari ya Nanenane, ni basi, ni bodaboda wa huku, na mwisho unajikuta umetumia elfu thelathini kudai haki ya elfu hamsini. Wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana wanapenda sana wateja wa mikoani. Na mzigo unafunguliwa pale pale ofisi ya basi, mtu mwingine akirekodi. Mdogo wangu angefanya hivyo tungekuwa na ushahidi zaidi ya neno lake. Sikumwambia. Hilo kosa ni langu.

Rafiki yangu wa magauni, kwa taarifa yenu, amebadilisha kitu baada ya ule ubishi wetu. Ameweka bei zote wazi, na ameandika kwamba gauni lenye kasoro linarudi ndani ya siku tatu likiwa na lebo yake, nauli juu yake yeye. Lebo ameishona mgongoni, kubwa, huwezi kuchezea sendofu nayo. Nilicheka sana. Anasema wiki ya kwanza amerudishiwa gauni moja tu, na lilikuwa na kasoro kweli, zipu.

Nami nimeandika malalamiko yangu rasmi kwenda Tume ya Ushindani, kurasa mbili, na kuambatanisha mazungumzo yote, muamala wa hela, na picha ya mipangilio inayoonyesha 4. Nimeongozana pia na mmoja wa wale watatu walionitangulia kwenye fremu ya makava, nilimpata kupitia kijana wa pale. Yeye alilizwa laki tisa. Nitawajulisha kinachojibiwa, na kisipojibiwa chochote nitawajulisha hilo pia, kwa tarehe.

Mdogo wangu anaitumia ile laptopu ikiwa kwenye chaja muda wote. Umeme ukikatika kazi inapotea, kwa hiyo amezoea kuhifadhi kila baada ya aya. Hajamwambia mama. Mama kila akipiga anauliza, "Ile mashine inafanya kazi?" naye anajibu inafanya.

Jana usiku rafiki yangu mmoja kanitumia ukurasa mwingine wa Instagram, ana nia ya kununua laptopu akataka nimwangalizie. Jina jipya, wafuasi elfu themanini na kitu, bei inboksi. Nikashuka taratibu kwenye picha. Ya sita ina mkwaruzo mdogo karibu na kitufe cha kuwashia.